Damu ndani ya bomba moja: utafiti wa maskani na tiba ya uraibu wa heroini Dar es Salaam

Mnamo Oktoba 2005 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha barua fupi iliyotoka kwa watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam. Waandishi wake, wakiongozwa na Sheryl McCurdy wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Houston pamoja na wenzao wa Muhimbili, akiwamo bingwa wa magonjwa ya akili Gad Kilonzo, walieleza mtindo mpya wa kujidunga waliousikia kwa wanawake wa mitaani. Mwanamke mmoja hujidunga heroini, kisha huvuta damu yake mwenyewe mpaka bomba la sindano lijae, na bomba hilo humpa mwenzake. Mwenzake hujidunga damu hiyo, takriban mililita 4, akiamini kwamba imebeba dawa ya kutosha kumtuliza.

Habari hiyo ilipofika masikioni mwa watumishi wa afya, mwitikio wa wengi ulikuwa rahisi kubashiri: huo ni wazimu, na mwenye wazimu hafundishiki. Watafiti hawakuishia hapo. Walirudi maskani, wakaketi na wanawake hao, wakauliza swali ambalo kitabu cha famakolojia hakiwezi kulijibu: je, tendo hili linawafanyia kazi gani katika maisha yenu? Jibu lilichapishwa kwa kirefu mwaka 2010 katika jarida la Addiction, nalo lilikuwa na uzito mkubwa kuliko neno wazimu. Wanawake wengi kati yao waliishi kwa kuuza ngono. Walipanga chumba kimoja kwa kuchangiana kodi, walilindana usiku, na walijua vema maumivu ya kuikosa dawa. Aliyepata fedha ya kununua kete moja hakuweza kuigawa, kwa kuwa haikumtosha hata yeye mwenyewe. Alichoweza kugawa ni kile alichodhani kimebaki katika damu yake. Kilichoonekana kwa nje kuwa ni ujinga, kwa ndani kilikuwa ni ukarimu.

Hesabu ya kifamakolojia haiwaungi mkono. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Dawa ikishaingia mshipani husambaa mwilini kote katika muda mfupi sana, hata mililita 4 za damu hiyo hazibebi zaidi ya sehemu moja kati ya elfu ya dozi, ukiacha mabaki machache yaliyoganda ndani ya bomba. Kiasi hicho hakiwezi kuondoa dalili za utegemezi. Nafuu ambayo baadhi yao walidai kuipata ilitokana kwa sehemu kubwa na matarajio, na jambo hilo si la kubezwa: mwili uliozoea kutulizwa kwa sindano huanza kutulia mara uionapo sindano yenyewe.

Hatari iliyomo haina shaka yoyote. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani hukadiria kwamba mtu anayetumia sindano iliyotumiwa na mwenye VVU huambukizwa katika matukio 63 kati ya kila 10,000. Anayeongezewa damu yenye virusi hivyo huambukizwa katika matukio 9,250 kati ya kila 10,000. Bomba lililojaa damu liko mahali fulani kati ya viwango hivyo viwili, wala halibebi VVU peke yake. Hubeba pia virusi vya homa ya ini B na C, vimelea vya malaria, na bakteria wa ngozi wanaoweza kushambulia vali za moyo.

Dodoso la kawaida lisingeweza kuuona ukweli huu. Dodoso huuliza: “Je, katika siku 30 zilizopita umetumia sindano iliyotumiwa na mtu mwingine?” Anayejibu ndiyo huwekewa alama moja ya vema, awe alilisuuza bomba na kutia dawa yake, au awe alijidunga mililita 4 za damu ya rafiki yake. Matukio mawili yaliyo mbali sana kwa hatari huangukia katika kisanduku kimoja. Hii ndiyo sababu utafiti wa kijamii unaojengwa juu ya mazungumzo marefu na uchunguzi wa maisha ya kila siku haupaswi kuhesabiwa kuwa ni mapambo ya takwimu. Huo ndio unaoonyesha ni nini cha kuhesabiwa.

Kazi hiyo ilitanguliwa na nyingine iliyochapishwa mwaka huohuo wa 2005, iliyochora ramani ya mahali heroini inapotumiwa jijini: maskani za vijana wa mitaani, na mageto, yaani vyumba vya kupanga ambamo watu hukutana kujidunga faraghani. Mahali hubadilisha hatari. Anayejidunga uchochoroni kwa kumhofia askari hufanya haraka. Hana maji safi, hana mwanga, na hana nafasi ya kutenganisha mabomba. Anayejidunga getoni ana muda, lakini yumo katika kundi lenye deni na fadhila. Msomi wa Kiingereza Tim Rhodes aliyaita mambo ya aina hii mazingira ya hatari, akisisitiza kwamba uamuzi wa mtu mmoja hautengani na barabara, polisi, bei na kodi ya chumba vinavyomzunguka.

Inafaa kukumbuka kwamba sindano si ya zamani sana katika pwani hii. Heroini ilianza kuonekana katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1980. Kwa muda mrefu ilikuwa ya rangi ya kahawia, ikivutwa kwa moshi juu ya karatasi ya fedha au kuchanganywa na bangi na tumbaku katika msokoto ambao vijana waliuita kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia heroini nyeupe. Ile ya kahawia haikuyeyuka kirahisi katika maji, nyeupe iliyeyuka. Mwanaanthropolojia Susan Beckerleg, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi Malindi na Watamu nchini Kenya, aliandika jinsi badiliko hilo la sokoni lilivyowageuza wavutaji kuwa wadungaji katika kipindi kifupi. Hakuna aliyehubiri sindano. Bidhaa ilibadilika, na mwili wenye utegemezi ukafuata njia iliyotumia dawa kidogo kwa nguvu nyingi.

Matokeo yake yalionekana upesi kwenye vipimo. Katika sampuli ya watu wanaojidunga waliopimwa Dar es Salaam na kundi hilohilo la watafiti, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba takriban 42% waliishi na VVU, wakati ambapo kiwango cha taifa kwa watu wazima kilikuwa takriban 6%. Miongoni mwa wanawake, zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi, kiwango cha juu sana kuliko cha wanaume waliokuwa nao katika maskani zilezile. Mwanamke hubeba hatari mbili kwa pamoja, ya sindano na ya ngono, na aghalabu hana sauti katika yoyote kati ya hizo. Mara nyingi ni mwanamume anayemdunga, na anayedungwa na mwingine hupata zamu ya pili kwa bomba ambalo limeshatumika.

Neno ambalo watafiti walilisikia kila kona ni arosto. Katika lugha ya mitaani ni hali ya kuikosa dawa, na kwa mganga ni dalili za kusitisha afyuni. Saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho ya heroini, mtu huanza kupiga miayo, kutokwa na kamasi na machozi, na kutoka jasho. Baadaye huja maumivu ya mifupa na misuli, tumbo kusokota, kuhara, kutapika, kukosa usingizi na wasiwasi usiovumilika. Hali hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua katika muda wa wiki moja au zaidi. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine arosto haiui, ingawa kuhara na kutapika kusikotibiwa kunaweza kumpotezea maji na chumvi za mwili kwa kiwango cha hatari. Hata hivyo, kumwambia aliyemo ndani yake kwamba haitamuua ni faraja hafifu.

Mwanasosholojia wa Marekani Alfred Lindesmith aligusa jambo hili mwaka 1947. Baada ya kuwahoji waraibu wengi alihitimisha kwamba uraibu wa afyuni haujengwi na raha ya dozi ya kwanza. Hujengwa siku ambayo mtu anatambua kwamba mateso aliyo nayo yanatokana na kukosa dawa, na kwamba dawa hiyohiyo itayaondoa. Mgonjwa wa hospitali aliyepewa mofini kwa majuma kadhaa anaweza kupata dalili zote, akadhani ana mafua mabaya, akaenda nyumbani akapona. Nadharia hiyo imekosolewa, na elimu ya ubongo imeongeza mengi tangu wakati huo. Lakini mtu akisikiliza jinsi vijana wa Dar es Salaam wanavyofundishana jina la arosto na tiba yake, hawezi kuitupa kando. Jina hilo ni utambuzi wa ugonjwa, ila unafanywa na wagonjwa wenyewe, na dawa wanayoandikiana ni kete nyingine.

Utafiti wa pili wa kigeni unaofaa kujulikana na kila mhudumu ni ule wa Lee Robins kuhusu askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa ametegemea heroini akiwa vitani. Serikali ilijiandaa kupokea janga, lakini mwaka mmoja baada ya kurudi nyumbani, wengi mno hawakuwa tena waraibu, tena bila tiba yoyote. Haikuwa kwamba dawa ile ilikuwa dhaifu. Walikuwa wameondoka mahali ilipopatikana, walipoitumia na waliotumia nayo. Mtumiaji wa Dar es Salaam anayekaa miezi katika nyumba ya upataji nafuu kisha akarudishwa katika mtaa uleule, kwa marafiki walewale, bila kazi, yumo katika hali iliyo kinyume kabisa na ya askari yule. Anaporudia, familia husema hana nia. Pengine wangetazama pia alikorudishwa.

Kurudia huko kuna hatari ambayo ndugu wengi hawaijui. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila afyuni hupoteza ustahimilivu wake. Dozi iliyokuwa ya kawaida kabla ya nyumba ya upataji nafuu, au kabla ya gereza, sasa inaweza kusimamisha pumzi. Majuma ya kwanza baada ya kutoka ni kipindi cha vifo. Anayekutwa hajitambui, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, anapumua polepole au kwa kukoroma, anahitaji kusaidiwa kupumua na kufikishwa hospitalini mara moja, ambako dawa ya naloksoni humrudisha. Kumwagia maji au kumnywesha maziwa hakumsaidii, na kunaweza kumpalia.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Huduma ikaenea Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, Dodoma, Mbeya, Mwanza na kwingineko. Kenya ilianza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa mwaka 2014. Methadoni ilikuwa imeingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, lakini kuwa katika orodha ni jambo moja, na kumfikia kijana wa Manzese ni jambo jingine. Waliofanikisha hatua hiyo ya pili ni waelimishaji rika na mashirika ya jamii, ambao baadhi yao walikuwa wametoka maskani. Walikwenda kuwatafuta watu walikokuwa, na ramani ya mahali hapo ilikuwa imekwisha kuchorwa na utafiti.

Swali ambalo jamaa huuliza kliniki, mara nyingi kwa sauti ya chini, ni hili: je, huku si kubadilisha unga kwa unga mwingine? Ni swali la haki, na linastahili jibu kamili. Methadoni ni afyuni, na anayeinywa kila siku humtegemea mwili wake kama alivyoitegemea heroini. Tofauti iko katika mwendo. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka, hivyo mtu huishi siku nzima kati ya ulevi na arosto, akitafuta kete tatu au nne kabla ya usiku. Methadoni hunywewa mdomoni, hupanda polepole, na hukaa mwilini kwa zaidi ya siku moja. Dozi ikishapatikana sawasawa, mtu halewi wala haugui. Anaamka asubuhi akiwa na saa zake mwenyewe. Anayeuliza kama huo ni uhuru kamili anaweza kuendelea kuuliza. Mama ambaye mwanawe ameacha kuuza vyombo vya nyumbani tayari ana jibu lake.

Katika miaka miwili ya mwanzo kliniki ya Muhimbili iliandikisha zaidi ya watu 600, na uchambuzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban 57% walikuwa bado katika tiba baada ya miezi 12. Kiwango hicho hakina aibu kikilinganishwa na cha nchi tajiri. Jambo lililojitokeza wazi ni dozi. Waliobaki katika dozi ndogo, chini ya miligramu 40, walitoroka zaidi kuliko waliofikishwa dozi za kati na za juu. Ni kweli kwamba tiba huanza kwa tahadhari, kwa kawaida isizidi miligramu 30 siku ya kwanza, kwa sababu methadoni hujilimbikiza na vifo vingi vya tiba hii hutokea katika majuma mawili ya mwanzo. Lakini tahadhari ya kuanza isigeuke kuwa ubahili wa kudumu. Wagonjwa wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Mhudumu anayembania mgonjwa dozi kwa kudhani anamsaidia “kuacha mapema” anamrudisha maskani jioni hiyohiyo.

Hapa famakolojia na sosholojia hukutana mahali pagumu, na panastahili kuangaliwa kwa makini. Mgonjwa aliyetulia kwa miezi sita anagunduliwa kuwa na kifua kikuu, ugonjwa unaowaandama sana watu walioishi katika mageto yaliyosongamana. Anaanzishiwa dawa zenye rifampisini. Baada ya siku chache au wiki moja hivi anarudi dirishani akitoka jasho, akilalamika kwamba dozi haimfikishi jioni. Mhudumu asiye na habari anamtazama na kuona mtu anayetaka kulewa. Ukweli ni kwamba rifampisini huchochea vimeng’enya vya ini vinavyovunja methadoni, hata kiasi chake katika damu kinaweza kushuka kwa nusu au zaidi. Mgonjwa anasema kweli tupu. Asipoongezewa dozi kwa utaratibu atachagua mojawapo ya mambo mawili: kuacha dawa za kifua kikuu, zinazomletea arosto, au kurudia heroini. Yote mawili yamewahi kuandikwa katika mafaili kwa neno moja, “mtoro”.

Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU zilizotumika kwa wingi hapo awali, zina tabia hiyohiyo. Dolutegraviri, iliyoanza kutumika kwa wingi nchini Tanzania tangu 2019, haina. Lakini mgonjwa mwenye kifua kikuu, VVU na methadoni kwa pamoja anahitaji mambo mawili yasiyosahaulika: dolutegraviri ya miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja wakati wote wa rifampisini, na methadoni iliyoongezwa. Rifampisini inapokoma, ini hurudi taratibu katika hali yake kwa muda wa wiki mbili hivi, na methadoni inayoachwa katika kiwango cha juu inaweza kumdhuru mtu yuleyule ambaye jana haikumtosha. Siku ya kumaliza dawa za kifua kikuu, ambayo wagonjwa huifurahia, kliniki ya methadoni inapaswa kuijua kabla haijafika. Pale ambapo kliniki hizo mbili haziwasiliani, mgonjwa mwenyewe na aseme. Mgonjwa anayesoma makala haya na achukue hili kama haki yake: kila dawa mpya, hata ya kifafa au ya fangasi, itajwe dirishani pa methadoni kabla ya kumezwa.

Dhana ya kutoaminiwa ilichambuliwa na Erving Goffman mwaka 1963 katika kitabu chake juu ya unyanyapaa. Alitofautisha mtu ambaye doa lake limeshajulikana na yule ambaye doa lake bado limefichika, anayetumia nguvu zake nyingi kulinda siri. Mraibu wa heroini Dar es Salaam huishi hali zote mbili katika siku moja. Makovu ya mkononi yamemtangaza hospitalini, ilhali kijijini kwao bado ni fundi aliyeko mjini. Neno teja, lililozaliwa mitaani na kutamkwa hata na wenyewe kwa mzaha, likiandikwa na daktari kwenye faili hugeuka kuwa hukumu inayomtangulia mgonjwa katika kila wodi. Nyaraka rasmi za siku hizi hutumia neno mraibu, na hiyo ni hatua, ingawa unyanyapaa una werevu wa kuhamia katika neno jipya.

Athari yake huonekana zaidi kwenye maumivu. Mgonjwa wa methadoni aliyevunjika mguu huambiwa mara nyingi kwamba “ana dawa yake tayari”. Dozi anayoinywa mara moja kwa siku humkinga na arosto. Haitulizi mfupa uliovunjika. Aendelee na methadoni yake na apewe dawa ya maumivu juu yake, na kwa kuwa mwili wake umezoea afyuni, anaweza kuhitaji zaidi kuliko mwingine. Dawa moja aepushwe nayo kabisa, nayo ni pentazosini, ambayo humtumbukiza katika arosto kali papo hapo.

Vivyo hivyo kwa mama mjamzito. Kumkatishia afyuni ghafla kwa nia ya kumlinda mtoto humuweka katika hatari ya kurudia heroini na kupoteza mimba. Methadoni huendelea, na katika miezi ya mwisho dozi huweza kuhitaji kuongezwa au kugawanywa asubuhi na jioni. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za kusitisha, hali inayotambulika na kutibika. Kumkumbatia, kumtuliza mahali pasipo na kelele na kumnyonyesha ndiyo mwanzo wa tiba yake. Wakunga waliopata mafunzo hayo huifanya kazi hiyo bila kupandisha sauti. Waliokosa mafunzo humuuliza mzazi, mbele ya wodi nzima, amemfanyia nini mtoto.

Sheria nayo imo katika mazingira ya hatari. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2015, ina jukumu la kuzuia biashara hiyo na wakati huohuo kuratibu tiba. Mikono hiyo miwili si lazima igongane. Hugongana pale msako unapofanyika karibu na njia ya kwenda kliniki, au pale mtu anapokamatwa kwa kukutwa na sindano mfukoni. Anayeogopa kukamatwa na sindano haibebi. Hutumia ile iliyopo getoni. Shirika la Médecins du Monde, lililoanza kugawa sindano safi Temeke mwanzoni mwa miaka ya 2010, lilifanya kazi na watu wenye hofu hiyo, na ndiyo maana mazungumzo na askari na wajumbe wa mitaa yalikuwa sehemu ya huduma kama ilivyokuwa sindano yenyewe.

Linabaki suala la wanawake, walioanzisha habari hii yote. Wao ndio waliokuwa na maambukizi mengi zaidi, na wao ndio walioeleza siri ya bomba la damu. Hata hivyo, katika foleni za methadoni wamekuwa wachache mno kuliko sehemu yao maskani. Sababu walizozitaja kwa watafiti si za kishujaa. Dirisha hufunguliwa asubuhi, wakati ambapo aliyefanya kazi usiku ndiyo kwanza amelala. Nauli ni ya kila siku, Jumapili na sikukuu ikiwamo. Foleni imejaa wanaume, wakiwamo waliowahi kuwapiga au kuwadai. Mtoto hana pa kuachwa. Mpenzi anayetumia bado hataki mwenzake aache kwanza, kwa kuwa fedha ya kete hutoka kwake. Mengi kati ya hayo hayahitaji dawa mpya wala mashine. Yanahitaji saa za jioni, siku au dirisha la wanawake peke yao, muuguzi wa kike mwenye subira, na mwelimishaji rika anayejua mlango wa chumba. Baadhi ya programu jijini zimejaribu njia hizo kwa kuwafuata wanawake walipo na kuwasindikiza siku za mwanzo. Wanawake waliosindikizwa walifika, na wengine wakaanza kuwaleta wenzao waliokuwa wakichangia nao kodi ya chumba.